Vitabu Vilivyorudi Visafi

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa bado changa tulipofika, na waliotutangulia walikuwa wanayaita majengo yake gereza, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa zamani. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari kule kwetu Kindu. Nasema alikuwa, maana kambini alikuwa mtu wa kukaa. Asubuhi alikaa penye kivuli, mchana akakifuata kivuli kilikohamia, jioni akaingia ndani. Sisi wanawake tulihangaika na kuni, foleni ya maji na nsima, ambayo ni ugali wetu uliobadilishiwa jina, yeye akikaa tu. Nilimwogopa. Nilikuwa nimeona wanaume walioanza kwa kukaa hivyo, wakaishia kwenye pombe, na wengine wakaacha hata kuoga. Sikuwa na mume wa akiba.

Kilichomwinua ni katoni ya vitabu.

Maktaba moja ya Lilongwe ilikubali kutuazima vitabu, ila haikuwa na gari la kuvileta. Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa Old Town, mjini humo humo, alikuwa na pikapu, na pikapu hiyo ilikuwa ikija kambini kuwaletea mizigo wafanyabiashara wa kwetu Maniema. Parokia ilikuwa na chumba kisicho na kazi. Mafundi wa Kirundi wakatengeneza mabenchi. Wafanyabiashara wetu, ambao ni Waislamu, walisema hawajui vitabu hivyo ni vya dini gani, lakini sabuni haina dini, wakatoa sabuni na mabeseni ya kunawia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na chawa tulikuwa nao wa kutosha. Alibaki kutafutwa mtu wa kukaa na vitabu. Nikawaambia kama kazi yenyewe ni kukaa, bingwa ninaye nyumbani.

Alikwenda kwa kunitii tu, lakini jioni alirudi mtu mwingine. Aliomba makaratasi ya mifuko ya sukari kwa wafanyabiashara akavivika vitabu vyote jalada, kimoja kimoja. Aliweka beseni mlangoni, na hakuna aliyeingia bila kunawa, hata bibi asiyejua herufi moja. Hakuna kitabu kilichotoka mle ndani. Watu wa mjini wanaweza kushangaa, lakini kwetu chombo cha kuazima hakirudi kichafu. Ukiazima sufuria ya jirani unaisugua mpaka mwenyewe aitilie shaka kama kweli ni yake. Tena nyumba zetu zilikuwa za udongo na turubai. Mvua ikinyesha, mtoto mwenyewe hakuwa na pa kukaukia, sembuse kitabu.

Kwa hiyo alivishika na kuvisoma yeye peke yake. Vitabu vingi vilikuwa vya Kiingereza. Alipitisha macho kwenye sentensi, akanyamaza kidogo, kisha akaisema kwa Kiswahili, na mzee mmoja Mrundi aliyekaa mwisho wa benchi akaigeuza Kirundi kwa ajili ya akina bibi. Sentensi moja ilichukua safari ndefu, lakini ilifika. Chumba kilijaa mpaka madirishani. Walisikiliza habari za ufugaji wa nyuki, za nchi zenye barafu, na hadithi za mapenzi ambazo mume wangu aliziruka sehemu fulani fulani, wanawake wakagundua, wakamtania.

Muuguzi wa zahanati aliona watu wanaojaa pale ni wengi kuliko wanaokwenda kumsikiliza yeye. Akamtuma dereva wa pikapu aiombe maktaba kitabu cha kuhara kwa watoto, nacho kikaja. Siku hiyo mume wangu alisoma, muuguzi akasimama kando yake akichanganya maji, sukari na chumvi mbele ya macho yetu. Baadaye mimi mwenyewe nilimnywesha mtoto wa jirani hivyo hivyo, akapona. Nilijivunia, kana kwamba kitabu nimekiandika mimi.

Mume wangu alianza kunyoa ndevu. Akaanza kugombana nami kwamba mboga haina chumvi. Sijawahi kufurahia ugomvi namna ile.

Kisha maktaba ikaagiza kwamba safari hii katoni, ambayo dereva ndiye aliyekuwa akiibadilisha kila mara, airudishe yeye mwenyewe, wazungumze kama mpango uendelee au la. Alivifuta vumbi vitabu vyote, akavivua makaratasi ili wenye vitabu waone vilivyotunzwa. Aliazima pasi ya mkaa. Alinitaka niende naye, nadhani kwa sababu alitarajia sifa na alitaka mtu wa kuzisikia. Tulikaa nyuma ya pikapu, yeye kaibana katoni katikati ya magoti mpaka Lilongwe.

Mama wa maktaba alitupokea vizuri, sina la kumsingizia. Alituletea viti. Mume wangu akavipanga vitabu mezani, akasimama kando, mikono nyuma, akingojea. Yule mama akafungua kimoja, kingine, na kingine. Akauliza jambo kwa Kiingereza. Mume wangu akajibu kwa furaha, kisha akanigeukia kunitafsiria, maana alishazoea kutafsiri kila kitu. Alikuwa ameulizwa ni watu gani wanaoazima vitabu hivi. Yeye amejibu kwamba asiwe na wasiwasi, hakuna aliyevigusa hata mmoja, isipokuwa yeye.

Yule mama akatikisa kichwa taratibu. Alisema maneno machache kwa sauti ya upole, mkono wake ukiwa juu ya vitabu. Mume wangu akainamisha macho mezani, kama afanyavyo kwenye sentensi ngumu. Halafu akanitafsiria, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kusomea, ila maneno yalikuwa ya Kiswahili cha kwetu Kindu.

“Anasema bitabu byenye bantu banasoma binachakaa. Byetu binarudi bipya. Anasema batabipeleka kwa shule ya mutaa wa Area 23, kule batoto banabitaka.”

Nikamwambia, “Papa, umwambie tunasikilizaka. Umwambie chumba kinajaa.”

“Mugeni hawezi kubishana na mwenye nyumba,” akasema. Akaanza kufunga vifungo vya mikono ya shati lake, ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Kule Kindu mtu yule aliweza kubishana na mkaguzi wa shule. Lakini alikuwa amekwenda kusifiwa, na aibu ilimfika kabla hajajiandaa nayo. Ningesema mimi, ila Kiingereza sikijui, na Chichewa changu, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha sokoni. Nilikuwa na chumba kizima cha watu kifuani, na mtoto wa jirani aliyepona, na neno pekee nililokuwa nalo la kumpa yule mama lilikuwa zikomo, yaani asante. Nikasema zikomo. Akatabasamu, akadhani tunashukuru.

Kambini walituuliza mambo yamekwendaje. Mume wangu aliwajibu kwamba vitabu vimerudi visafi, akaingia ndani. Wao walielewa kama mtu yeyote wa kwetu angeelewa: aliyerudisha vizuri huazimwa tena. Kwa hiyo siku ya pikapu ilipofika walikuja mbele ya nyumba yetu na mabenchi yao, akina bibi mbele, kumsindikiza mwalimu kupokea katoni. Pikapu ikapita na mizigo ya wafanyabiashara tu.

Yule mzee Mrundi aliniuliza, “Mama, mwalimu iko wapi?”

Mwalimu alikuwa kitandani ameelekea ukutani, amevaa lile shati. Nilitoka nikawaambia yote, jinsi yalivyosemwa. Kisha mzee akauliza, “Tulikosea wapi?”

“Hatukubichafua,” nikasema. “Iyo njo kosa letu.”

Ndipo tukamsikia. Tangu Kindu sikuwahi kumsikia mume wangu akilia, si njiani, si siku tuliyomzika mama yake kando ya barabara. Turubai halizuii sauti. Mzee akawageukia wenzake akaanza kuzungumza juu ya mihogo, kwa nguvu, kwamba mwaka huu imeoza ardhini. Bibi mmoja akamjibu kwa nguvu vile vile kwamba ya kwake haikuoza. Wote wakaingilia, kila mmoja na mihogo yake, wakipaza sauti, bila mtu hata mmoja kuutazama mlango. Nami nikaketi kwenye benchi pamoja nao, nikapaza sauti juu ya mihogo ambayo sikuwahi kuilima, mpaka mle ndani aliponyamaza.