Teksi Iliyopiga Kelele kwa Abiria Tu

Teksi ya Bayoumi ilikuwa na ubaguzi. Nikiiendesha mimi, kimya kama maiti. Akipakia abiria, inatetemeka mpaka meno yanagongana.

Leo nacheka. Siku ile nilitamani kuing'ata.

Naitwa Megahed. Nafanya kazi gereji ya Haji Shahata, mtaa wa mafundi wa Harafiyeen, Kairo. Kazi yangu ni kusaka kelele na mitetemo kwa mashine. Nabana sensa chini ya gari, navaa hedifoni, nasoma kwenye skrini kitu kinagonga mara ngapi kwa sekunde. Kila kinachozunguka kina hesabu yake. Ukiijua hesabu, umeshamjua mhalifu.

Haji yeye ni mtu wa bisibisi. Ncha kwenye injini, mpini sikioni. Miaka arobaini hivyo hivyo.

Bayoumi alikuja kubadilisha pedi za breki, akaondoka akitushukuru. Siku tatu baadaye akarudi akitutukana.

"Mmenipandishia shetani gani humu?"

Nikaizungusha mtaani. Kimya. Nikafunga sensa. Kimya. Akarudi tena, nikabadilisha beringi ya gurudumu la nyuma, kwa kubahatisha tu. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyofanya.

Mara ya nne alisimama katikati ya njia, akapaza sauti mpaka wauza vioo wakatoka madukani.

"Njooni mumwone Injinia Hedifoni! Nadhani humo anasikiliza taarabu, gari langu hata halisikii!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mimi ndiye huwa nawatania wao, kwa hiyo walikuwa na deni la muda mrefu.

Haji hakucheka. Alikuja mpaka njiani, akaniambia mbele ya wote:

"Megahed, alasiri ikiadhiniwa hujaipata hiyo kelele, kusanya nyaya zako uondoke. Gereji hii ilikuwa na heshima kabla ya vitaa vya mashine yako."

Damu ikanichemka. Miaka kumi na moja! Nimefagia sakafu ile, nimerushiwa spana, nimeungua vidole nikijifunza mashine ile peke yangu. Kisha nafukuzwa kama paka aliyeiba samaki.

Nikamgeukia Bayoumi kwa hasira.

"Hiyo kelele unaisikia ukiwa peke yako?"

"Peke yangu natafuta nini barabarani, napunga upepo? Mimi nina abiria, bwana!"

Nikajipiga paji la uso.

Mjinga mimi. Mara zote nilikuwa nimeipima tupu.

"Pandeni!" nikapiga kelele. Nikawavuta mafundi rangi wawili wa jirani, wanene kama magunia. "Kiti cha nyuma! Nyie pembeni. Haji, wewe katikati."

"Mimi nina presha, mwanangu."

"Na mimi nina hasira, Haji. Panda."

Gari likalala kwa nyuma. Bayoumi akashika usukani, mimi kando yake na mashine mapajani. Sensa nne nilikuwa nimezibana chini: gurudumu, giaboksi, katikati ya shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, na difu.

Mwendo wa sitini, shetani akaamka. Trrrrrr! Viti vinatetemeka, mashavu ya mafundi rangi yanacheza.

"Hiyo! Hiyo!" Bayoumi akapiga usukani.

Nikahamisha hedifoni kutoka sensa moja hadi nyingine. Ya tatu ikanipasua masikio.

"Magurudumu yanazunguka mara tisa kwa sekunde," nikasema. "Kelele inagonga mara thelathini na sita. Hiyo ni hesabu ya shafti. Gari likilemewa linashuka, shafti inakutana na kitu kilicho juu yake."

"Juu yake?" Sauti ya Haji ilikuwa imepungua ghafla. "Basi, labda tuangalie kesho."

"Kesho ya nani? Yangu inaisha alasiri!"

Tukalipandisha gari kwenye lifti. Nikapenyeza mkono juu ya shafti, mle ambamo hata tochi haifiki. Nikagusa waya. Nikavuta.

Kiatu cha mtoto.

Cha kulia, cheusi kwa grisi, soli imelika nusu.

Huku Kairo hakuna asiyekijua kiatu cha mtoto cha kuzuia kijicho. Lakini watu hukining'iniza nyuma ya gari, mahasidi wakione. Nani anakificha tumboni mwa gari?

"Wallahi si mimi," Bayoumi akasema.

Haji alikuwa anakagua dari.

"Haji."

Akazidi kukagua.

"Haji Shahata!"

"Gari lilikuwa limetoka kupigwa rangi, mwanangu. Watu wana macho mabaya. Nilimfungia Bayoumi kiatu siku ile ya breki, ulipokwenda kuchukua maharage ya ful. Nikakificha ili asione haya mbele ya abiria."

"Umenitukana mtaani kwa sababu ya kiatu chako mwenyewe?"

"Sikujua kama ndicho! Na hata hivyo, gari limepata ajali? Halijapata. Basi kimefanya kazi."

Bayoumi alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Mimi sikucheka. Nilikitupa kile kiatu mezani, glasi za chai zikaruka.

"Umenifukuza kwa sauti, Haji. Nirudishe kwa sauti. Nenda pale pale uliposimama."

Akatoka, mzee wa watu, akasimama katikati ya njia.

"Jamani! Megahed hana kosa! Kelele ilikuwa yangu mimi! Haondoki mtu hapa!"

Wauza vioo wakapiga makofi. Hasira yangu ikaanza kushuka.

Kisha wazo likanijia.

"Haji, na kiatu cha kushoto kiko wapi?"

Kabla hajajibu, honi ikalia mlangoni, na mwalimu mmoja, mteja wetu wa wiki iliyopita, akatoa kichwa dirishani, uso umewiva kwa hasira.

"Megahed! Mmenifanyia nini? Nikipakia wanafunzi tu, gari linatetemeka!"

Ndugu zangu, ukimtakia mtu heri, mwambie. Heri uliyoificha chini ya gari lake itampigia kelele yeye, na atakayetukanwa ni mwingine kabisa. Na kabla hujamfukuza mtu mbele za watu, kumbuka kwanza mikono yako ilipita wapi.