Mafundo ya Uzi Kwenye Mashine ya Muhogo

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kiwandani Kibaha na ufagio wangu mwenyewe, maana niliambiwa za pale zimeisha. Kilikuwa kiwanda cha mifuko ya plastiki. Shule niliishia darasa la nne, na Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji. Sijafagia nusu ya sakafu, Fundi Mkuu wa Umeme, mtu wa kaskazini mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akatoa kichwa kwenye paneli, lile kabati la chuma la umeme.

"Mama, weka ufagio. Njoo unishikie tochi."

Nikashika.

"Mulika kazi, usinimulike uso. Mimi sitafutiwi mchumba."

"Kwa uso huo hata ukitafutiwa hapatikani mtu," nikamjibu.

Alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Tangu hapo nikawa mtu wake wa tochi, na ufagio wakapewa wengine.

Ndani ya paneli mlikuwa na draivu. Vijana mnaopita kiwandani bila kutazama ndani, nisikilizeni. Draivu ndiyo inayoipimia mota umeme, iende polepole au mbio, mbele au nyuma. Na draivu ina kadi, kibati chembamba cha kijani chenye njia za shaba, kinachopokea amri. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, waya unapeleka habari kwenye kadi, kadi inaiambia draivu, draivu inaizungusha mota. Umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, mara nyingi kadi ndiyo inayokufa, draivu inabaki nzima. Basi unabadilisha kadi tu.

Fundi Mkuu alinifundisha kwa kunifokea. Kadi mpya haitolewi kwenye mfuko wake kabla hujashika chuma kitupu, maana mwili wako una umeme wa kuiua. Halafu ina swichi ndogo kama meno ya mtoto. Kabla hujang'oa kadi ya zamani, tazama kila jino limelala upande gani, uyalaze vivyo hivyo kwenye mpya. Mimi kadi ya kwanza niliiunguza kwa kusahau meno. Alinifokea siku nzima. Kesho yake akanipa nyingine, akasimama nyuma yangu kimya. Yule mtu nilimpenda.

Tatizo langu lilikuwa waya. Vibandiko vya namba vilibanduka kwa joto, na maandishi mimi sikuyaelewa. Basi nikachukua uzi wa kufumia vitambaa. Mwekundu, waya wa kuwasha na kuzima. Mweusi, wa mwendo. Mweupe, wa ulinzi, unaoizima mota ikizidiwa. Namba nikazifunga kwa mafundo: tundu la tatu la kadi, mafundo matatu. Mikono yangu ikawa inasoma hata bila tochi.

Baadaye kampuni ikanihamishia Kisarawe, kwenye kiwanda chake cha wanga wa muhogo. Kule mota kubwa inazungusha mashine ya kukwangua, na waya za paneli yake nazo nikazifunga nyuzi zangu. Muhogo ukishang'olewa hauna subira. Siku mbili tu unaingia mistari myeusi, mkulima anaumwaga.

Siku moja, katikati ya mavuno, kadi ikafa. Getini muhogo wa vijiji vitatu, kina mama wamekaa juu ya magunia. Stoo ilikuwa na kadi moja tu. Nyingine ingeagizwa ng'ambo. Ofisi ya Dar ilikuwa imetuletea Mhandisi mpya, kijana msafi, shati limenyooka. Nikaenda kuifuata kadi stoo. Kurudi, nikakuta nyuzi zangu zote chini.

"Mama, nani kaleta uganga kwenye paneli?" akaniuliza. "Nyekundu, nyeusi, nyeupe, na mafundo juu! Nimekata zote. Kisarawe nyie na uganga wenu!"

Waya zote kumi na nne alikuwa ameshazichomoa, zinaning'inia kama tambi.

"Baba," nikamwambia, "umekata namba."

Akanitazama. Akazitazama nyuzi. Nikamwona anavyopungua ndani ya shati lake. Waya mmoja wa umeme mkubwa ukiingia tundu la waya mdogo, kadi yetu ya pekee inaungua, na ule muhogo wote ni wa kumwaga. Mchoro wa waya za vitufe hatukuwa nao.

Meneja wa Kiwanda akaja mbio. "Wakulima niwaambie nini?"

Mhandisi akainama kuokota nyuzi. Ningeweza kumchongea palepale.

"Waambie tunakagua waya mmoja mmoja," nikasema. "Na wewe, Meneja, kaa nje, unatuzibia hewa."

Tukakata umeme mkuu. Mhandisi akaenda kwenye vitufe, mimi nikabaki paneli na mita ya mlio, kile kipimo kinacholia njia ya waya ikiungana.

"Nimebonyeza kuwasha!"

"Bado... bado... huu hapa, umelia! Njoo ufunge fundo moja."

"Mimi?"

"Nani alikata?"

Akafunga. Alivyofika la saba alikuwa anayahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Tukalaza meno ya kadi, tukatoa mkanda wa mota ili tujaribu bila mashine, tukawasha. Mota ikazunguka kinyumenyume! Waya wa mbele na wa nyuma tulikuwa tumepishanisha. Tukazibadilisha, tukarudisha mkanda. Alasiri mashine ikanguruma. Magunia machache ya juu, ya muhogo wa juzi, yalishaharibika kwa jua, siwadanganyi, lakini mengine yote yaliingia, na kina mama getini wakapiga vigelegele. Mhandisi alikaa chini kwenye vumbi na shati lake lile.

Sasa nimestaafu, naishi Sofu, hukohuko Kibaha, na magoti yananikumbusha kila paneli niliyoichuchumalia. Majuzi yule Mhandisi alinipigia simu. Yuko kiwanda kimoja cha Kwala, mkubwa wa umeme, amekwama kwenye draivu asiyoijua, waya hazina namba.

"Mama, nisaidie. Huu waya mweupe unaenda wapi?"

"Nitajuaje, baba? Mashine hiyo sijaiona. Nani anaiwasha kila asubuhi?"

"Kuna mama mmoja hapa."

"Umemuuliza?"

Nikasikia bisibisi inawekwa chini.

"Mpe simu," nikasema. "Na wewe shika tochi."