Bomba Nililolikaza Mwenyewe

Nilifika mwaka wa pili wa masomo ya ufundi wa ndege nikiwa sijawahi kupanda ndege. Chuoni kwetu, Bukavu, tulikuwa na ndege moja kuukuu isiyo na magurudumu. Tuliifungua, tukaifunga, tukaifungua tena. Tukikosea, mwalimu alitukaripia, tukarudia, basi. Nikienda likizo kwetu Baraka, mji ulio kando ya ziwa, mama yangu, ambaye anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, alinicheka mbele ya wenzake.

"Unasomea ndege, na ndege haujapandaka?"

"Bado, mama."

"Sasa unajuaje kama inafaa?"

Wale bamama walicheka, nami nikacheka nao, lakini swali lile lilinikaa.

Mwaka huohuo nilipelekwa kufanya mazoezi ya kazi kwa fundi aliyehudumia ndege ndogo ya mizigo, iliyokuwa ikitua kwenye uwanja wa udongo nje ya mji wetu. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye maneno machache; nilimwita chef, yaani mkubwa wangu wa kazi. Asubuhi moja rubani alisema mafuta ya injini yanavuja. Fundi akachungulia, akaona bomba moja limechakaa, akanikabidhi jipya.

"Fanya we. Mi natazama."

Nililifunga, nikakaza nati, nikazizungushia waya mwembamba unaozizuia zisilegee. Fundi akapapasa kila mahali kwa kidole, akaridhika. Injini ikawashwa, hakuna tone lililoanguka. Nilikuwa nafuta mikono aliponiambia kwamba ndege itaruka kwanza bila mizigo, kwa kuijaribu, na kwamba sisi wawili tutakuwa ndani.

"Hata mimi, chef?"

"Nani alikaza?"

Nilikitazama kifuniko cha injini. Nilikumbuka kila kitu ambacho mikono yangu ilifanya, ila sikuweza kuapa kwa hata kimoja. Nikaomba tufungue tena. Rubani alikwisha kukaa kwenye kiti chake, na nilitegemea kugombezwa. Fundi akanipa bisibisi.

"Fungua. Atangoja."

Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha. Sikubadilisha chochote. Nikafunga, nikapanda.

Tulipoinuka, niliona mashamba ya mihogo, kisha paa za mabati za Baraka, kisha ziwa, pana kuliko nilivyolidhania miaka yote niliyooga humo. Nililitazama kidogo tu. Masikio yangu yote yalikuwa kwenye injini, na kila ilipobadilisha sauti niliushika mkanda wa kiti. Fundi alikuwa amefumba macho. Mpaka leo sijui kama alikuwa amelala au naye alikuwa anasikiliza.

Tulitua salama. Bomba lilikuwa kavu.

Niliporudi chuoni, ile ndege isiyo na magurudumu haikuwa tena kitu cha kuchezea. Kabla ya kugusa sehemu yoyote, nilitazama kwanza viti vyake vilivyochanika, nikajiuliza nani angekaa pale.

Mama nilikuwa nimemsimulia jioni ya siku ile tuliyoruka. Hakucheka. Alisema ndege ilipita juu ya soko, wakaitazama wote, naye akaendelea kupima ndagala.

"Kumbe mutoto wangu iko ndani! Ungeniambia mbele ya kupanda."

Sasa nampigia simu kila ninapotaka kupanda ndege niliyoitengeneza. Naye husema, "Sawa, mutoto wangu, nenda," halafu hukata haraka. Anachofanya baada ya hapo hajaniambia, nami sijamuuliza.