Piza Iliyomhamisha Bihogo

Alhamisi moja asubuhi, mbele ya majirani waliokuwa wakielekea mashambani na majembe begani, Avelina alinyang'anywa ng'ombe wake kwa kosa la kupika piza. Hakuiba, hakumtukana mkwe wake, hakugombana na mtu. Alipika. Shemeji yake, Danstan, alifungua zizi bila kupiga hodi, akamfunga Bihogo kamba shingoni, akamswaga kupita katikati ya migomba hadi nyumbani kwake, huku akitangaza kwa sauti ya mtu anayeokoa kijiji kizima:

"Ng'ombe haishi na mwanamke anayechemsha maziwa yake na kuyamwagia juu ya nyama!"

Majirani wa Kasulo walisimama wakatazama. Hakuna aliyeuliza ng'ombe ni wa nani.

Na ng'ombe alikuwa wa Avelina. Baba yake mzazi ndiye aliyempa siku alipoolewa, akiwa ndama mwenye wekundu uliokoza, na maziwa yake, yakijumlishwa na kipato cha cherehani, ndiyo yaliyomweka binti yake Jovina katika shule ya bweni kule Biharamulo. Jovina alikuwa amebakiza siku chache kurudi kidato cha tatu. Bila Bihogo angerudi na nini?

Mambo yalianza Desemba, Jovina aliporudi likizo na habari za piza. Mwenzake bwenini alikuwa ameila Mwanza na hakuacha kuisimulia. "Mama, ni kama chapati iliyotajirika," alieleza. Avelina alicheka. Mwanamke ambaye angeweza kukushonea gauni kwa kukuangalia tu ukipita barabarani hakuona kwa nini chapati, hata iwe tajiri kiasi gani, imshinde.

Ilimshinda vibaya. Mara ya kwanza hakuwa na hamira, akaona werevu wake utamtosha: alichukua machicha ya rubisi, pombe ya ndizi, akakandia unga. Unga uliumuka, hilo hatulikatai, lakini ulinuka kama kilabu alfajiri, kabla wahudumu hawajamwaga maji sakafuni. Aliuoka katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, jinsi wanavyooka keki za kipaimara. Chini ukawa mkaa, juu ukabaki ute mweupe uliovutika kama kamasi. Jovina alionja, akakimbilia mlangoni. Kuku walitupiwa, wakadonoa, wakafuta midomo yao ardhini.

Mara ya pili hamira ilipatikana dukani kwa Mwanamvua, mama yake Luqmani, ambaye kwenye baraza lake Avelina alikuwa ameweka cherehani. Jibini ndiyo haikuwepo, si kwa Mwanamvua wala popote pale senta, kwa hiyo Avelina aliitengeneza mwenyewe: alichemsha maziwa ya Bihogo, akayakamulia ndimu, yakakatika, akayachuja kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa kwa sabuni ya unga na hakikusuuzwa vizuri. Nyanya nazo alizipika kwa mchuzi mwingi, kama anapika kisamvu. Kilichotoka motoni kilikuwa tope jekundu lenye mapovu.

Mwanamvua alipelekewa kipande. Alikitafuna taratibu, macho yamemtoka, kisha akakitemea kwenye kiganja.

"Shoga yangu," alisema, "umepika chakula au umefua mashuka?"

"Sema ukweli, Mama Luqmani."

"Ukweli ndio huo nimeutema. Punguza maji kwenye nyanya. Na hicho kitambaa kichemshe, mwaya, la sivyo utatutoa mapovu mpaka Pasaka."

Avelina alikichemsha. Alipunguza maji. Alijaribu tena, na tena. Jumapili ya kwanza ya mwaka 2025, baada ya misa, alitandika kitambaa mezani, akaikaribisha familia ya mumewe: mama mkwe wake, Bi Eustakia, na Danstan. Mume mwenyewe, Novatus, alikuwa kazini Biharamulo, ambako alifanya kazi ghalani na kurudi mara moja kwa mwezi. Novatus ni mtu mpole, maana yake ni kwamba hajawahi kumkatalia mdogo wake jambo lolote.

Safari hii piza ilikuwa piza. Ukingo ulikuwa na rangi ya kahawia, nyama ya kusaga imetulia juu ya nyanya, na jibini imekaa juu ya nyama kwa mabonge meupe, laini. Danstan alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama. Cha pili alikikunja. Cha tatu alikivuta kutoka kwenye sahani ya Jovina, akalamba vidole kimoja baada ya kingine, kwa mlio, na ugoro wake ukiwa bado umemjaa chini ya mdomo. Avelina aligeuza uso asitapike.

"Shemeji, leo umepika!" alisema Danstan. "Kaka amepata mke."

Bi Eustakia hakuwa ameanza. Aligusa bonge jeupe kwa ncha ya kidole.

"Mwanangu, huu weupe ni nini?"

"Ni maziwa, mama. Nimeyagandisha."

"Ya Bihogo?"

"Ndiyo, mama."

"Uliyachemsha?"

"Niliyachemsha."

"Na hii chini yake ni nyama." Mama mkwe alirudisha mkono mapajani. Alizaliwa katika nyumba ambamo aliyekula nyama hakunywa maziwa siku hiyo, na maziwa hayakutiwa motoni, kwa sababu ng'ombe atadhurika. Hakufoka. Alisukuma sahani polepole, kama mtu anayeondoa kitu kilichomfia mbele yake. Kwa heshima ile Avelina aliona aibu ya kweli, na laiti mambo yangeishia hapo wangeombana radhi.

Lakini Danstan alikuwepo. Huyu aliyekwisha kumaliza vipande vitatu alikimbilia nje, akatia vidole kooni, akatapika juu ya maua ya Avelina kwa kelele zilizosikika hadi barabarani. Akanyanyua kichwa kuhakikisha kwamba watu wanamwona, akainama tena. Kuna matapiko ya ugonjwa, na kuna matapiko ya mkutano wa hadhara. Yale yalikuwa ya mkutano.

Siku mbili baadaye kiwele cha Bihogo kilivimba upande mmoja. Maziwa yalitoka na mabonge, yakiwa na uzi wa damu. Danstan alileta kibuyu mlangoni, akamwonyesha Avelina kilichomo.

"Tazama jibini yako, shemeji. Sasa anakutengenezea mwenyewe."

Alhamisi akamchukua ng'ombe. Avelina alimpigia mumewe simu. Novatus alikohoa, akasema wavute subira, akaulizia hali ya mvua.

Hapa inafaa ijulikane kwa nini Danstan ndiye aliyeshika kiwele cha ng'ombe asiye wake. Katika ukoo huo mwanamke hakamui, wala hasimami zizini wakati wa kukamua. Novatus alipohamia Biharamulo, miaka miwili nyuma, kazi ikaangukia mikononi mwa Danstan. Avelina alikuwa akipokea maziwa mlangoni, akiyashukuru. Hakuwahi kuona yanavyotoka.

Jovina alirudi shuleni na nusu ya vitu vyake, na onyo kwamba asiyekamilisha ada kabla ya Machi angerudishwa nyumbani. Wiki tatu Avelina alishona pale barazani, akipitia upya hata mishono iliyokuwa imenyooka. Hatimaye Mwanamvua alichoka.

"Utashona mpaka kidole? Ng'ombe anaumwa, na bwana mifugo yupo. Au naye anasubiri kibali cha shemeji yako?"

Bwana mifugo, aitwaye Ansbert, alifika Jumatatu asubuhi kwa pikipiki, Avelina nyuma yake. Alimwamkia Bi Eustakia, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda uani kwa Danstan akinywa maziwa yake ya asubuhi, kisha akaelekea zizini.

"Mwanamke abaki nje," alisema Danstan.

"Mwenye ng'ombe nani?"

"Mimi," alisema Avelina.

"Basi mwenye ng'ombe aingie. Na wewe kamua, nione."

Danstan alichuchumaa chini ya Bihogo kwa madaha ya fundi anayetazamwa. Alikunja mikono ya shati. Kisha akatema mate kwenye kiganja cha kulia, akatema kwenye kiganja cha kushoto, mate ya rangi ya kahawia, mazito, yenye punje za ugoro, akasugua mikono, akazishika chuchu.

"Simama hapo hapo!" alisema Ansbert.

"Nini? Ninalainisha."

"Kila siku unalainisha hivyo?"

"Sasa nitalainisha kwa kitu gani? Chuchu ni kavu."

Avelina alipiga hesabu. Miaka miwili. Chai ya kila asubuhi. Uji wa mwanawe alipokuwa na malaria. Na ile jibini aliyoichuja kwa kitambaa kilichochemshwa mara tatu, akinusa kila pembe yake isije ikabaki na harufu ya sabuni! Alikuwa ameomba radhi, usiku na mchana, kwa ajili ya uchafu wa mikono yake, na mikono yake ndiyo pekee iliyokuwa safi katika ukoo ule.

Ansbert alimpima Bihogo, akasema ni ugonjwa wa kiwele, unaoletwa na uchafu wa mkamuaji, na dawa anayo. Kisha akapita kwa ng'ombe mweusi aliyefungwa pembeni, wa Danstan mwenyewe. Akaminya chuchu moja. Bonge la njano likadondoka juu ya buti lake.

"Huyu naye anaugua kiwele," alisema. "Maziwa yake yamewahi kuingia kwenye piza?"

"Hapana," alijibu Avelina. "Huyo tunamsikia tu."

"Basi labda alipita karibu na jiko." Ansbert hakucheka. "Bwana Danstan, ugonjwa huu umeubeba mwenyewe kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kwa viganja."

Danstan alifuta viganja kwenye suruali. Alijaribu kusema kwamba hata babu yake alikamua hivyo, na mama yake akamkatiza.

"Babu yako alinawa kwa maji ya moto. Mimi ndiye niliyempelekea maji." Bi Eustakia alikitazama kikombe kilichokuwa nusu mkononi mwake. Maziwa hayamwagwi, naye hakuyamwaga. Alikiweka chini, mbali, kwa urefu wote wa mkono wake. "Danstan, miaka miwili nimekunywa mate yako."

Kisha akamgeukia mke wa mwanawe.

"Avelina," alisema. "Piza yako sitaila mpaka nazikwa. Maziwa na nyama hapana. Lakini mfungue ng'ombe wako."

"Na kukamua, mama? Novatus hayupo."

Mkwe alimtazama mwanawe wa kiume, ambaye bado alikuwa akifuta viganja kwenye suruali, na kahawia ikibaki kwenye kitambaa. Akakunja uso kama aliyenusa kitu kilichooza.

"Kamua wewe. Kanawe kwanza."

Tangu siku hiyo, Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, Bihogo amerudi zizini kwa Avelina na hakamuliwi na mtu mwingine yeyote ila yeye.