Nani Atakaa na Kibali

Shule niliiacha mapema, maana mbuzi walinihitaji kuliko mwalimu. Lakini buchari ya Lodwar ni yangu, ya Kakuma ni yangu, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani yule ajenti alikuja kwa mjinga.

Alikuja kumchukua binti yangu akafanye kazi za nyumba huko Ghuba. Binti amemaliza sekondari, ana pasipoti mpya, na habari za ndege alinieleza kana kwamba yeye ndiye rubani. Nikamwambia kwetu msichana hatolewi bomani kwa simu. Anayemchukua aje, akae, ale, aulizwe.

Ajenti akaja kutoka Nairobi na viatu vyenye ncha, viatu vya mtu ambaye hajasikia habari za mchanga wa Lodwar. Tukamsalimu kwa Kiturkana, ejok, akajibu kwa Kiingereza. Ndugu yangu mkubwa alikuwa ametoka Kaikor kwa ajili ya kikao hicho, basi nikachinja. Nyama ilipoiva, kijana akajivutia paja zima, ambalo kwetu haliguswi mpaka mzee alikate. Ndugu yangu akamtazama anavyotafuna, kama mtu aliyeona fisi kanisani. Mgeni ni mgeni.

Mafuta yakiwa kidevuni, ajenti akautoa mkataba. Binti akatusomea. Ulikuwa mtamu kweli: chumba chake, siku ya kupumzika, tikiti ya kurudi. Nilikuwa nimeanza kulainika. Kisha nikamkumbuka mteja wangu wa Kakuma, mama wa Sudan Kusini, ambaye dada yake alikwenda hukohuko. Alipofika tu, mkataba aliotia sahihi ukabadilishwa akapewa mwingine wa Kiarabu, na kibali chake cha kuishi huko, tajiri wake akakifungia kabatini. Nikamuuliza ajenti, cha binti yangu nani atakaa nacho?

"Mwajiri, mzee. Kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

Akacheka, akapangusa mdomo. Akaeleza kwamba kibali kinamfunga mfanyakazi kwa mwajiri huyo mmoja. Akitoka kwake bila ruhusa, mkosaji ni yeye na polisi watamtafuta. Alivyoeleza, ungedhani anataja faida.

Ndugu yangu Kiswahili hakimkai vizuri, kwa hiyo nikamweleza kwa mambo ya mifugo. Mbuzi ukimpa rafiki akutunzie, hata azalie huko, sikio lake lina alama ya boma lako. Rafiki akikata alama yake juu ya yako, huyo ni mwizi. Sasa hawa wanataka tuwapelekee binti, wamkate sikio upya, halafu sisi tuseme asante.

Ndugu yangu akafikiri, akasema sawa, basi na huyu atuachie pasipoti yake mpaka binti arudi. Nikatafsiri.

"Hapana, mzee," ajenti akasema. "Pasipoti ni mali yangu. Siwezi kumwachia mtu."

Tulicheka mpaka ndugu yangu akashika mbavu. Binti hakucheka. Alimwambia ajenti kwamba atakwenda, ila mkataba uandikwe kuwa pasipoti na kibali anakaa navyo yeye mwenyewe. Ajenti akasema ataongea na ofisi. Akaomba afungiwe nyama iliyobaki, akafungiwa, akaondoka akimwaga mchanga kutoka kwenye viatu. Tangu siku hiyo simu yake inaita tu.

Kesho yake nikamwita binti. Nikamwambia alete hiyo pasipoti niiweke kwenye sanduku langu la chuma, pamoja na karatasi za ploti, kwa usalama.

"Usalama wa nani, baba?"

Sasa anasimamia buchari ya Kakuma huku akitafuta ajenti mwingine, na pasipoti iko mkobani mwake, hata akipima nyama mkoba uko begani. Ndugu yangu amerudi Kaikor akitangaza kwamba nimeshindwa na mtoto. Atangaze. Swali hilo alilitoa kwa nani, kama si kwangu?