Rangi Nyekundu kwenye Kromu ya Komanda

Lukeba aliingia Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, na brashi tatu na hofu moja. Brashi zilinyonyoka nywele mapema. Hofu ndiyo iliyoota. Aliogopa viatu vinavyong'aa, viwe vya Mbelgiji, vya karani au vya padri. "Lukeba akisikia kiatu," watu wa soko la mawese walisema, "anakumbuka choo."

Uhuru ulipokuja, Wabelgiji walifungasha sahani zao na mbwa wao, wakaacha magari. Uwanja wa Abdullatif, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Omani, ukajaa magari mazee ya kurudishiwa ujana. Sylvestre, mzaliwa wa Rumonge, alinyoosha mabati kwa nyundo. Lukeba alitia rangi kwenye mapambo ya kromu: herufi zilizozama ubavuni mwa gari, na vijifereji vya vifuniko vya magurudumu. Watu waliamini ana mkono wa malaika. Uongo mtupu. Unajaza kijifereji ovyo, rangi imwagike itakavyo. Unangoja ianze kushika. Kisha unakaza kitambaa kwenye kibao bapa, unakigusisha petroli, unapitisha juu juu mara moja. Kromu inasafika, rangi inabaki shimoni. Hata mlevi angeiweza, ila mlevi hajui kungoja.

Ikafika 1972. Mwezi wa nne watu waliuawa kando ya ziwa, Nyanza-Lac mpaka Rumonge. Kisha zamu ikawa ya wengine, na zamu hii ya pili ilikuja na malori ya jeshi: aliyepandishwa hakurudi. Sylvestre alichukuliwa chai ikiwa mdomoni. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa na wazazi aliozaliwa nao, na kesi hiyo haina wakili.

Wiki ileile komanda mmoja aliingia uwanjani akaisifia Shevrole ya Abdullatif. Siku zile mkubwa akisifia kitu chako, kimeshahama. Abdullatif alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Chukua, mukubwa wangu. Ni yako."

"Herufi zake zimebanduka rangi," komanda alisema. "Nazitaka nyekundu, kama zamani. Nani anajua kazi hii?"

Macho yote yakamwendea Lukeba. Lukeba aliangalia viatu vya komanda, akajiona humo, mdogo, amepinda. Hofu iliyomfunga mdomo maisha yake yote safari hii ikapotea njia, ikaufungua.

"Njo Sylvestre anajua, mukubwa. Yeye peke yake. Mi niko musaidizi wake tu, nashikaka kopo."

"Na iko wapi?"

"Munaye ninyi."

Abdullatif akaangalia dari, ingawa walikuwa nje.

Kesho yake Sylvestre aliletwa, jicho limevimba, mikono inatetemeka. Nyuma yake alikuja askari aitwaye Casimir, akakaa juu ya pipa, bunduki magotini. Sylvestre aliishika brashi kama anayetaka kumchinja kuku. Lukeba aliona wazi: rangi ikiharibika, rafiki yake anarudi kwenye lori, na yeye anapanda naye. Kumfundisha mbele ya bunduki haiwezekani. Basi akawa anamuuliza.

"Fundi, nikupe ile nyembamba, kama siku zote?"

"Nipe."

"Utajaza ovyo, kisha njo upanguse, kama kawaida yako?"

"Kama kawaida yangu," Sylvestre akasema, akajaza herufi ya kwanza.

Rangi ikaikataa kromu. Ikajikusanya vitone vitone kama jasho la mwizi. Kulthum, mke wa Abdullatif, alikuwa akiipaka kromu ile mawese kila Ijumaa. Rumonge nzima hufanya hivyo: mawese yanatibu kikohozi, mlango unaolia na goti kavu, kwa nini kromu iachiwe kutu ya ziwa? Lukeba alijua, ila kwa hofu alisahau kuosha.

"Mbona inakimbia?" Casimir akauliza.

Casimir akashuka kwenye pipa.

"Fundi," Lukeba alisema, "hii ya kwanza iko ile ya kupima mafuta, siyo? Nilete majivu na sabuni, ama utanitukana kwanza?"

Sylvestre alimtazama kwa jicho lake moja zima. Akaelewa.

"Nakutukana kwanza. Mujinga wewe. Nilikuambia jana uoshe."

"Jana ulikuwa kwetu," Casimir akasema.

Hata kuku wa Kulthum waliacha kuparua.

"Ananiambiaga hivyo kila siku," Lukeba akasema. "Jana yake haiishake. Toka Uhuru iko jana."

Casimir akacheka kwa pua, akarudi pipani. Lukeba akaosha kwa majivu na sabuni. Herufi zikaanza kushika. "Fundi, unangoja ikauke kidogo?" "Nangoja." "Fundi, unapangusa kwa kidole ama kwa kibao?" "Kwa kibao, we unaonaje?"

Ilibaki herufi moja komanda alipoingia.

"Musaidizi atoke. Anasema mingi. Nataka kuona mukono wa fundi."

Lukeba alisimama nyuma ya ukuta, palipoanikwa ndagala, dagaa wa ziwani, akasikiliza. Hakusikia tusi wala kofi, na hilo lilimtisha zaidi. Alimwomba Mungu, kisha akaomba radhi kwa kumsumbua, maana siku hizo Mungu alikuwa na foleni.

Walipomwita, herufi ya mwisho ilikuwa safi kuliko zake zote. Sylvestre alikuwa ameacha kibao cha Lukeba, akakaza kitambaa kwenye gogo lake la kunyooshea bati. Gogo zito halijui kutetemeka.

"Huyu abaki hapa," komanda alisema. "Wenzangu nao wana magari. Casimir atamuchunga. Na wewe Mukongomani, kopo litashikwa na meza. Rudi kwenu."

Hivyo Lukeba alifukuzwa kwenye kazi yake na mtu aliyeipata jana. Abdullatif akamtafutia nafasi kwenye lori la mawese la kwenda Bujumbura, avuke mpaka aingie Uvira, kwao Kongo. Sylvestre alikuja barabarani kumuaga, Casimir akimfuata. Uwanjani ilikwisha kuegeshwa Peugeot ya mkubwa mwingine, na Sylvestre alikuwa hajawahi kuchanganya rangi hata kijiko.

"Fundi," Lukeba alisema toka juu ya mapipa, "wakiniuliza kule, niseme unaongezanga petroli kidogo tu?"

"Kidogo tu."

"Na unakaushia kivulini?"

"Kivulini, mujinga wewe."

"Na ile ya bluu, unaikoroga sana kwanza?"

Lori likaunguruma. Lukeba akaendelea kuuliza, kiganja mdomoni kama tarumbeta, na Sylvestre, bunduki ikiwa nyuma yake, akawa anaitikia kwa kichwa kila swali, hata yale ambayo hakuyasikia tena.