Vidonge vya kumbukumbu vimeshindwa na bibi yangu

Leo bibi yangu wa Mzenga kaniumbua mbele ya ukoo mzima, na bado natembea kifua mbele.

Mwezi wa tatu sasa nakunywa vidonge vya antioksidanti. Muuzaji wa pale Kwa Mathias alisema vinaongeza nguvu, vinalinda ubongo na kumbukumbu. Leo nikambebea na bibi kopo lake, maana ana miaka themanini na nne.

Tukakaa kwenye dua ya kuwaombea marehemu wetu. Shehe akaomba karatasi ya majina.

Karatasi niliandika mimi.
Karatasi iko mezani kwangu, Kibaha. 😩
Kopo la kumbukumbu nimelikumbuka, marehemu nimewasahau!

Bibi akakohoa, akaanza kuwataja kwa kichwa. Majina ishirini na sita. La mwisho hata kwenye karatasi yangu halikuwemo: mdogo wangu, aliyeishi siku tatu tu.

Mama akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Baadaye nikampa bibi kopo lake. Akalitazama, akanirudishia.

"Kunywa wewe, mjukuu wangu. Mgonjwa ni wewe."

Haya, chekeni. Ila huyo ni bibi YANGU.